Kabla ya mashini ya kukamua, tuulize funza amekula nini



Katika mkutano mmoja mwanzoni mwa mvua, mama mmoja mfugaji wa kuku alisimama akauliza swali lililonyamazisha watu. Alisema: «Mumetufundisha kufuga funza. Sasa munatuambia funza wana mafuta, na mafuta yanaweza kuuzwa, kwa hiyo tuchange faranga za mashini ya kukamua. Mimi nifuge funza kwa ajili ya kuku wangu, ao kwa ajili ya mashini?»

Nimelifikiria swali hilo tangu siku ile. Jibu langu ni fupi: kwa ajili ya kuku. Mashini ingoje. Na faranga zile tulizotaka kuchanga, hapa Lualaba kuna kazi nyingine inayozihitaji mbele ya mashini. Nitaieleza, lakini kwanza tuelewane juu ya funza mwenyewe na mafuta yake.

Funza gani huyu?

Si yule wa miguuni. Ni mtoto wa nzi anayeitwa nzi askari mweusi. Nzi huyu ni mrefu, mweusi, ukimwona haraka unafikiri ni nyigu. Akiisha kuwa mkubwa hahangaiki na chakula chetu, hatui juu ya bukari, haingii nyumbani kutafuta sahani. Anapandana, anataga mayai, anakufa. Kula kote kunafanywa na watoto wake: wanakula mabaki ya mboga, matunda yaliyooza, machicha ya munkoyo, pumba zilizolowa. Ndani ya wiki mbili hivi, kama wana joto la kutosha, wamenona na wako tayari kuvunwa.

Wengine wanasema ni uchafu. Sisi watu wa hapa hatuwezi kusema hivyo kwa uso mkavu. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi wakiruka, nani hakimbii na beseni? Nani hajanunua vinkubala sokoni? Na kuku wenyewe hawakungoja mradi wowote kuwafundisha. Fungulia kuku asubuhi baada ya mvua, uone kitu cha kwanza wanachotafuta.

Wenzetu wako mbele kidogo. Kule Nairobi, kituo cha icipe, kilichoanzishwa mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya Thomas Odhiambo, kimefanya utafiti mwingi juu ya wadudu kama chakula cha mifugo. Kenya na Uganda zimekwisha kuweka viwango vya wadudu wakavu wanaochanganywa katika chakula cha wanyama. Ulaya iliruhusu protini ya wadudu kwa kuku na nguruwe mwaka 2021. Mwaka huohuo, watafiti wa chuo cha ETH cha Zurich, Uswisi, walichapisha jaribio lao juu ya kuku wa mayai: unga wa funza hawa na mafuta yao viliweza kuchukua nafasi yote ya mashudu ya soja na mafuta ya soja. Kwa hiyo hatubishani tena kama kuku anaweza kutaga akila funza. Anaweza.

Mfuko wa mahindi uliofichwa

Watu wengi wakisikia funza wanafikiri protini tu. Hapo njo tunapokosea hesabu. Chukua kilo 100 za funza wabichi. Karibu kilo 70 ni maji. Zinazobaki, kama kilo 30, karibu theluthi moja yake ni mafuta: tuseme kilo 9 ao 10. Kilo moja ya mafuta inampa kuku nguvu mara mbili na nusu ya kilo moja ya mahindi. Kwa hiyo ndani ya mafuta peke yake ya zile kilo 100, kuna nguvu kama ya mfuko mmoja wa mahindi wa kilo 25. Protini bado hatujaihesabu.

Sasa nyinyi munajua mahindi yanatoka wapi. Shamba zetu hazitoshi, vijana wengi wamekwenda kwenye mashimo, na kila msimu tunaangalia upande wa Kasumbalesa. Zambia ikikohoa, sisi tunalala kitandani. Mwezi wa pili mwaka 2024, Rais Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa kule kwao. Mahindi yao yalipokauka, mufugaji wa Kolwezi hakuhitaji redio kumuambia. Alijua kwa bei ya mfuko. Konsantre na hata mayai mengi yanayouzwa hapa yanapita njia ileile. Mtu anayelisha kuku kwa mahindi ya kununua ana kamba shingoni, na mwisho wa kamba umeshikwa na mwingine, ngambo ya mpaka.

Funza hawaikati kamba hiyo. Wanailegeza. Tuchukue koperative yenye kuku 200 wa mayai. Kila kuku anakula kama gramu 115 kwa siku. Ukimpa gramu 30 za funza wabichi kila siku, kuku 200 wanataka kilo 6 za funza. Kwa mwezi ni kilo 180. Mafuta yaliyomo yana nguvu ya karibu kilo 45 za mahindi, yaani kama mifuko miwili ya kilo 25 kasoro kidogo, na protini inapunguza mashudu ya soja, yale tunayoita turto. Kwa kazi hiyo mutahitaji kilo 30 mpaka 40 za mabaki mabichi kila siku. Ni beseni kadhaa za soko la Manika, ao machicha ya wamama wawili watatu wanaopika munkoyo. Si mlima.

Mafuta mengi nayo ni ugonjwa

Lakini musikimbie na habari hii mukajaza funza kwenye vyakulio. Kuku wa mayai anakula mpaka nguvu imtoshe, halafu anaacha. Ukimpa mafuta mengi, anashiba mapema, anakula kidogo, na chokaa na protini alizohitaji kwa kutengeneza yai zinabaki chini. Maganda yanakuwa laini. Mafuta yanajaa tumboni na kwenye ini. Siku moja unakuta kuku mnene, mzuri wa sura, amekufa pale chini ya fito; ukimpasua, tumbo limejaa mafuta ya manjano na ini limechanika.

Kwa hiyo kipimo kiwe hivi: funza wakavu wasipite kilo 10 katika kila kilo 100 za chakula. Hiyo inaongeza kama kilo 3 za mafuta, na inatosha. Kwa funza wabichi ni zile gramu 30 kwa kuku, kiganja kimoja kisichojaa. Mahindi na pumba zibaki, chokaa ibaki. Musiache chokaa kwa sababu mumesikia funza wana kalisi. Wanayo, lakini si kila mara kwa kiasi kilekile, maana inafuata walichokula.

Mafuta haya yana tabia yake. Yanafanana na ya nazi na ya kokwa za ngazi: yanaganda asubuhi za baridi za mwezi wa sita, na hayaharibiki upesi kama ya soja. Lakini yanaharibika kama funza amekufa polepole. Ndani ya mwili wake kuna vitu vinavyoanza kuvunja mafuta mara tu anapokufa vibaya, ndani ya mfuko ao juani. Dawa yake ni maji yanayochemka. Wachovye humo dakika moja ao mbili, watoe, halafu waanike. Wakikauka mpaka wanavunjika kwa vidole, wako tayari. Ukitaka kuwasaga, wachanganye kwanza na mahindi ao pumba. Ukiwasaga peke yao, mafuta yatafunga kinu na mwenye kinu hatakukaribisha tena.

Kwa nini mashini ingoje

Wanaotaka mashini wana hoja, na si hoja ya kipumbavu. Wanasema: tukikamua, mafuta tutauza kwa watengenezaji wa sabuni ao tutayapima vizuri ndani ya chakula, na unga uliobaki, wenye mafuta kidogo, unakaa gudulia muda mrefu. Ni kweli. Kwa kampani inayovuna tani kila wiki, kukamua kuna maana.

Sisi hatuvuni tani. Koperative inayovuna kilo 6 kwa siku ina karibu nusu kilo ya mafuta. Ili uipate nusu kilo hiyo, uwakaushe funza vizuri kabisa, uwapashe joto, uwe na umeme ao mazutu, uwe na mtu wa kutengeneza mashini ikikwama. Na hata hivyo mafuta mengine yatabaki ndani ya mashudu. Halafu uyauze hayo mafuta kwa bei ndogo, uende sokoni kununua mahindi kwa bei kubwa ili kurudisha nguvu uliyoitoa. Umelima shamba lako, umeuza bukari, umenunua bukari. Kuku ana mashini tumboni mwake. Anakamua bila mazutu.

Kuna jambo lingine ambalo katika mikutano halisemwi kwa sauti, nami nitalisema. Kwenye koperative nyingi, kuku ni kazi ya wamama. Funza nao, beseni kwa beseni, ni kazi ya wamama. Mashini ikifika, itakuwa na ufunguo, na ufunguo mara nyingi unakwenda kwa mtu mwingine. Tuliona hivyo kwa vinu vya mihogo. Funza mzima anayetoka kwenye beseni na kuingia kwenye chakulio hana ufunguo. Faida yake inaonekana kwenye yai, na yai liko mkononi mwa aliyeliokota.

Swali la kweli: funza amekula nini?

Sasa nafika pale nilipotaka kufika. Mashini inaweza kungoja mwaka mmoja, miwili, hakuna atakayeumia. Lakini kuna jambo ambalo likingoja, tutakula madhara yake ndani ya omlete.

Sisi tunaishi juu ya shaba na kobalti. Kasulo, mwaka 2014, mtu alichimba uwanjani akakuta kobalti, na mtaa mzima ukageuka mashimo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa chuo cha Leuven, Ubelgiji, walipopima pale, walichapisha mwaka 2018 kwamba vumbi la ndani ya nyumba lilikuwa na kobalti nyingi, na watoto wa mtaa huo walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo kuliko watoto wa mahali pasipochimbwa. Hatuhitaji kusoma kitabu kujua habari ya vumbi. Tunaliona juu ya majani ya mihogo kando ya barabara ya malori, na kwenye nguo tulizoanika.

Funza ni mlaji asiyechagua. Akila mabaki yenye vumbi la madini, metali haipotei. Nyingine anaitoa, nyingine anaiweka. Inayotisha zaidi ni kadimiamu: funza huyu anaikusanya mwilini, mpaka inakuwa nyingi ndani yake kuliko ilivyokuwa katika chakula chake. Kadimiamu ni metali inayokaa kwenye figo za mtu miaka mingi na kuziharibu. Kwa kipimo, Ulaya haikubali zaidi ya miligramu 2 za kadimiamu katika kilo moja ya kiungo cha chakula cha mifugo chenye asili ya mnyama. Ni chembe. Na jicho halioni miligramu 2.

Mtu mmoja aliniambia: «Basi njo sababu ya kukamua! Metali hazikai ndani ya mafuta.» Ni kweli kwamba mafuta yakitengwa, metali nyingi zinabaki upande wa unga. Lakini unga huo utakwenda wapi? Utauzwa kwa mufugaji mwingine, ao utalishwa kuku wa jirani, ao utapelekwa shambani kwa mboga. Tutakuwa tumesafisha bidoni yetu kwa kuchafua sahani ya mwenzetu. Na kuna sumu nyingine, kama dawa kadhaa za kuua wadudu, ambazo zinapenda kukaa ndani ya mafuta. Mashini haigeuzi chakula kibaya kuwa kizuri.

Mwingine anasema: «Kuku wetu wanadonoa vumbi hilo kila siku, funza ataongeza nini?» Anachoongeza ni kukusanya. Kuku anayedonoa uwanjani anapata kidogo hapa na pale. Funza aliyelishwa uchafu wa mahali pabaya anakusanya, halafu sisi tunamwaga mkusanyo huo kwenye chakulio kila asubuhi, na kuku anakaa nasi mwaka mmoja na zaidi. Mwisho wa kutaga, tunakula kuku mwenyewe, pamoja na ini na figo.

Sheria za beseni

Sisemi tuache. Nasema koperative iwe na sheria, iziandike ukutani, na kila mwanachama azifuate kama anavyofuata sheria ya mchango.

Kwanza, mabaki yatoke mahali tunapopajua. Machicha ya munkoyo kutoka kwa mama tunayemjua, matunda na mboga za soko zilizochambuliwa kabla hazijaguswa na takataka za chini, pumba za kinu, mabaki ya jikoni. Kila beseni liandikwe kwenye daftari: limetoka wapi, siku gani.

Pili, tusichukue kitu kutoka kwenye jalala la mchanganyiko, kando ya barabara ya malori ya madini, karibu na mahali pa kuoshea mawe ao kwenye depo za Musompo, wala majani ya kando ya mito inayopokea maji ya viwanda. Hata kama ni bure. Hasa kama ni bure.

Tatu, tuangalie maji. Kulowesha mabaki kwa maji ya mto uliochafuka ni kumpa funza sumu kwa mkono wetu. Maji ya mvua yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa na mvua ya kwanza, ao ya kisima kilichopimwa, njo ya kutumia.

Nne, mabeseni na vianikio vifunikwe. Nimeona funza wazuri, waliolishwa vizuri, wameanikwa juu ya sashe mita chache kutoka barabarani, kila lori likipita linawapaka vumbi jekundu. Kazi ya wiki mbili iliharibika mchana mmoja. Kianikio kiwe juu ya miguu, nyuma ya nyumba, chini ya chandarua.

Tano, chokaa ya kuku isitoke kwenye marundo ya kampani. Maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa ni mazuri, na chokaa ya mifugo inayouzwa kwa mfuko ni salama kuliko jiwe jeupe la kuokota.

Na kwa sababu Kolwezi iko juu, karibu mita 1,400, tukumbuke baridi ya kiangazi. Mwezi wa sita na wa saba funza watachelewa kukua. Wasogezeni ndani, karibu na ukuta wa jiko, na musiwashindilie mabaki mengi wasiyoweza kumaliza. Mabaki yaliyokaa yataita nzi wa nyumbani, na hapo majirani watakuwa na haki ya kulalamika.

Faranga ziende wapi

Narudi kwenye mchango. Pendekezo langu ni hili: faranga zinazotajwa kwa mashini ziende kwanza kwenye vipimo. Koperative tatu ao nne ziungane. Kila moja itoe sampuli mbili: moja ya mabaki, moja ya funza wakavu. Zipelekwe maabara ya kuaminika Lubumbashi, zipimwe kadimiamu, risasi na kobalti. Zirudiwe kiangazi, wakati vumbi ni jingi, na tena wakati wa mvua. Matokeo yasomwe mbele ya mkutano mzima, hata yakiwa mabaya. Kama mabaki ya mahali fulani ni mabaya, tunapaacha. Kama ni mazuri, tuna karatasi mkononi, na karatasi hiyo ina thamani sokoni: mama wa mjini anayechagua kati ya yai letu na yai lililovuka Kasumbalesa atakuwa na sababu ya kuchagua letu.

Kwa ofisi ya mradi inayochapisha gazeti hili, nasema kwa heshima: mutusaidie kulipa vipimo kabla ya kutusaidia kununua chuma. Mashini inapendeza kwenye picha, na karatasi ya maabara haipendezi. Lakini picha hailiwi na watoto wetu. Yai njo linaliwa.

Na kwa mama yule aliyeuliza: endelea na beseni zako. Funza wako wabaki na mafuta yao, uwape kuku wako wazima, kiganja kisichojaa kwa kila mmoja. Mtu akikuuliza wana mafuta kiasi gani, mwambie. Akikuuliza wamekula nini, mfungulie daftari.